Upungufu wa Damu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Njia ya Kupata Tiba

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI
Riruta Satellite, Kawangware na Kibera

Lengo la somo: Baada ya kusoma makala haya, mkazi ataweza kueleza kwa nini mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huishiwa na madini ya chuma, kutambua dalili mapema, kujua vipimo vya kuulizia, na kufuata hatua za kupata tiba katika vituo vya afya vya kaunti.

Mfano wa kuanzia

Mfano huu ni wa kufundishia, wala si habari ya mtu fulani. Mama wa miaka 38 anaishi katika ghorofa ya tatu, Riruta Satellite, na ana duka la vifaa vya nyumba kando ya barabara ya Naivasha. Miaka miwili iliyopita alikuwa na uzito mkubwa, kisukari na maumivu ya magoti. Jamaa zake walichanga, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo katika hospitali ya kibinafsi. Uzito ulishuka, sukari ikatulia, magoti yakapata nafuu. Kwa miezi sita alimeza vidonge vya vitamini alivyoandikiwa. Vilipokwisha hakununua vingine, na kliniki ya marudio akaiacha kwa sababu alijiona mzima.

Sasa anapanda ngazi akipumzika mara mbili. Moyo humwenda mbio, kichwa humgonga jioni, na nywele zinabaki kwenye kitana. Kila akienda sokoni Kawangware hununua mawe ya odowa ya kutafuna, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mjamzito. Jirani alimshauri anywe juisi ya biteruti, naye akanywa. Akanunua chupa ya dawa ya kuongeza damu kwenye duka la dawa, akainywa wiki tatu, kisha akaiacha choo kilipobadilika rangi na kuwa cheusi.

Alipofika kituo cha afya alisema anaumwa na kichwa. Upasuaji hakuutaja. Muuguzi aliyempima tumbo ndiye aliyeuliza.

"Mama, hizi alama tano ndogo tumboni ni za nini?"

"Hiyo ni ya kitambo, sista. Nilipunguzwa tumbo. Ilipona kabisa."

"Kidonda kilipona, mama. Lakini mwili wako unakula kwa njia tofauti tangu siku hiyo. Hebu tupime damu."

Swali hilo la muuguzi lilibadilisha matibabu yote. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwa nini.

Madini ya chuma hufanya kazi gani?

Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 hadi 4 hivi. Karibu theluthi mbili ya chuma hicho iko ndani ya himoglobini, yaani kile kinachoipa damu rangi nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli, ubongo na moyo. Sehemu kubwa ya kilichobaki huwekwa akiba, hasa katika ini.

Kila siku mwili hupoteza miligramu 1 hadi 2 za chuma, na katika hali ya kawaida hufyonza kiasi hichohicho kutoka kwenye chakula. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza zaidi. Kila mililita 2 za damu hubeba karibu miligramu 1 ya chuma, kwa hivyo hedhi ya kawaida ya mililita 30 hadi 40 huondoa miligramu 15 hadi 20 kila mwezi.

Mapato yakipungua kuliko matumizi, mwili huanza kutumia akiba, na mtu hahisi kitu. Akiba ikiisha, himoglobini huanza kushuka, na hapo ndipo uchovu unapoonekana. Kwa hivyo mtu anaweza kukaa miezi mingi akiwa na upungufu wa chuma kabla ya damu yake "kupungua" kwenye kipimo cha kawaida.

Upasuaji hubadilisha nini?

Aina mbili za upasuaji huu ndizo za kawaida zaidi. Ya kwanza ni kukata tumbo na kuondoa karibu asilimia 80 yake, likabaki kama mrija mwembamba. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba chini zaidi, chakula kikapita kando ya sehemu ya kwanza ya utumbo. Njia hii ya pili ilianzishwa na daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1966, na imeboreshwa mara nyingi tangu hapo. Nairobi, upasuaji huu hufanywa hasa katika hospitali za kibinafsi. Wakenya wengine huufuata India au Uturuki, kisha hurudi nyumbani kuendelea na maisha mbali na daktari aliyewapasua.

Upasuaji huu una faida kubwa kwa anayeuhitaji. Kisukari na shinikizo la damu hupungua kwa wagonjwa wengi. Lakini unaathiri chuma kwa njia nne.

Kwanza, chuma hufyonzwa hasa katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, mara tu chakula kinapotoka tumboni. Kwa aliyeunganishwa utumbo, chakula hakipiti tena hapo.

Pili, chuma kilicho katika mboga, nafaka na vidonge huhitaji asidi ya tumbo ili kiyeyuke na kufyonzwa. Tumbo likiwa dogo, asidi hupungua. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazole, ambazo wagonjwa wengi huandikiwa baada ya upasuaji, huipunguza zaidi.

Tatu, mtu hula kidogo, na wengi hushindwa kula nyama nyekundu kwa sababu huwakwama au kuwatapisha. Nyama ndiyo yenye chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi.

Nne, wengi wa wanaofanyiwa upasuaji huu ni wanawake walio katika umri wa kupata hedhi na kuzaa, ambao tayari hupoteza chuma kila mwezi. Baadhi huingia chumba cha upasuaji wakiwa na akiba ndogo tangu mwanzo. Uchunguzi wa kitaifa wa lishe wa mwaka wa 2011 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 41.6 ya wanawake wajawazito nchini Kenya, na kwa takriban mmoja kati ya watano wa wasio wajawazito.

Mabadiliko haya hayaishi kidonda kinapopona. Ni ya maisha yote, na kwa hivyo kumeza virutubishi na kupimwa damu ni kwa maisha yote pia.

Dalili za kuangalia

- Uchovu usioisha hata baada ya kulala.
- Kukosa pumzi kwenye ngazi au mlima, na moyo kwenda mbio.
- Kichwa kuuma, kizunguzungu, na kushindwa kutuliza mawazo kazini.
- Mikono na miguu kuwa baridi. Kope za ndani, ufizi na viganja kupauka.
- Nywele kunyonyoka, kucha kuvunjika au kubonyea katikati kama kijiko.
- Miguu kuhangaika usiku kiasi cha kukosa usingizi.
- Hamu ya kula vitu visivyo chakula: odowa, udongo, mchele mbichi au barafu.

Dalili hii ya mwisho huchukuliwa kama mazoea au ishara ya mimba tu. Ukweli ni kwamba hamu hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa chuma. Nao udongo wenyewe unaweza kushika chuma cha chakula kikapita bila kufyonzwa, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Anayejikuta akirudia odowa kila siku apimwe damu.

Dalili za hatari zinazohitaji kufika hospitalini mara moja ni kukosa pumzi ukiwa umeketi, maumivu ya kifua, kuzimia, kutapika damu, hedhi inayolowesha pedi kila saa, au choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali.

Vipimo: himoglobini peke yake haitoshi

Kipimo cha kwanza ni himoglobini, ambacho hufanywa hata kwa tone la damu ya kidole. Kulingana na Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwanamume akiwa chini ya 13. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 8, upungufu huo ni mkali.

Kipimo cha pili ni feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, feritini iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita inaonyesha kwamba akiba imekwisha, na madaktari wengi huanza tiba ikiwa chini ya 30. Feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi au uvimbe mwilini, kwa hivyo namba inayoonekana nzuri wakati wa homa inaweza kudanganya. Mgonjwa amweleze mhudumu ikiwa amekuwa na homa au kidonda siku za karibuni.

Kipimo cha tatu ni vitamini B12 na foleti. Upasuaji huohuo unaozuia chuma huzuia pia B12. Upungufu wa chuma hufanya chembe nyekundu za damu kuwa ndogo, na upungufu wa B12 huzifanya kuwa kubwa. Mtu akiwa na yote mawili, chembe zinaweza kuonekana za ukubwa wa kawaida, na tatizo likafichika. Ganzi au sindano-sindano miguuni ni ishara ya kutaka B12 ipimwe haraka, kwa kuwa mishipa ya fahamu ikiharibika sana huenda isipone. Anayetumia metformin kwa kisukari awe makini zaidi, kwa sababu dawa hiyo nayo hupunguza B12.

Hata asiye na dalili apimwe damu miezi 3, 6 na 12 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka.

Tiba ya kwanza: vidonge

Lazima kutofautisha kinga na tiba. Kwa kinga, miongozo ya madaktari wa upasuaji huu hupendekeza miligramu 45 hadi 60 za chuma halisi kila siku kwa wanawake wanaopata hedhi na kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina mbili zilizotajwa, na miligramu 18 kwa walio na hatari ndogo. Kwa tiba, yaani damu ikiwa tayari imepungua, kiasi huanzia miligramu 150 hadi 200 kwa siku, na hupangwa na daktari.

Neno "chuma halisi" ni muhimu. Kidonge cha feras salfeti kilichoandikwa miligramu 200 kina chuma halisi cha miligramu 65 hivi. Kidonge cha feras glukoneti cha miligramu 300 kina 35 tu. Vidonge vingi vya kawaida vya multivitamini vina chuma kidogo, na vile laini vya kutafuna kama peremende mara nyingi havina kabisa. Mfamasia anaweza kuulizwa: "Hapa kuna chuma halisi kiasi gani?"

Mambo yanayosaidia kidonge kufanya kazi:

1. Kimezwe na maji au juisi ya chungwa au ndimu, si na chai. Chai ya maziwa, kinywaji cha kila nyumba Nairobi, huzuia chuma kwa njia mbili: majani ya chai hushika chuma, na kalsiamu ya maziwa hukizuia kufyonzwa. Ipite angalau saa moja au mbili kati ya chai na kidonge.
2. Vidonge vya kalsiamu, ambavyo aliyepasuliwa pia huandikiwa, vimezwe kwa wakati tofauti, saa mbili mbali na chuma.
3. Vidonge vilivyofunikwa ili viyeyuke polepole utumboni visitumiwe, kwa kuwa chuma chake hutolewa mbele kupita mahali pa kufyonzwa. Dawa ya maji huwafaa wengine zaidi.
4. Kufunga choo na kichefuchefu ni kawaida. Kabla ya kuacha dawa, mgonjwa amrudie mhudumu, ambaye anaweza kubadilisha aina ya dawa, au kumpa siku moja na kuacha moja. Utafiti uliofanywa Uswisi kwa wanawake wenye upungufu wa chuma ulionyesha kwamba mwili hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kikimezwa siku moja kwa kuacha moja.
5. Choo cheusi au cha kijani kizito kwa anayemeza chuma si ugonjwa. Tofauti yake na damu ni kwamba hakinati kama lami wala hakina harufu kali isiyo ya kawaida.
6. Vidonge vya chuma vifungiwe mbali na watoto. Rangi yake huwavutia kama peremende, na mtoto akimeza vingi anaweza kufa. Ikitokea hivyo, apelekwe hospitalini papo hapo hata kama anaonekana mzima.

Jinsi ya kujua kama vidonge vinafanya kazi

Himoglobini ipimwe tena baada ya wiki nne. Kwa tiba inayofanya kazi, hupanda kwa gramu 1 hadi 2. Ikirudi kawaida, dawa huendelea kwa miezi mitatu zaidi ili kujaza akiba. Wengi hukosea hapa: wakipata nguvu huacha dawa, na baada ya miezi michache hurudi walipoanzia.

Himoglobini isipopanda licha ya kumeza dawa vizuri, kuongeza chupa nyingine ya dawa ya duka hakutasaidia. Hesabu ifuatayo inaonyesha sababu. Madaktari hukadiria chuma kinachokosekana kwa kuzidisha uzito wa mtu kwa tofauti ya himoglobini, kisha kwa 2.4, na kuongeza 500 kwa ajili ya akiba. Mama wa kilo 80 mwenye himoglobini 8 anayetakiwa kufika 13 atahesabiwa hivi: 80 × 5 × 2.4 = 960. Kujumlisha 500 ni miligramu 1,460.

Sasa ichukuliwe kwamba utumbo wake baada ya upasuaji unafyonza miligramu 3 tu kwa siku zaidi ya zile anazopoteza. Kujaza pengo hilo kutachukua siku 486 hivi, zaidi ya mwaka na miezi mitatu. Na hedhi ikiwa nzito, huenda pengo lisizibe kamwe.

Tiba ya pili: chuma kwa mshipa

Vidonge vikishindwa, au upungufu ukiwa mkali, au mgonjwa asipoweza kabisa kuvumilia vidonge, chuma hutolewa kwa dripu mkononi. Njia hii haipiti tumboni, kwa hivyo upasuaji hauizuii. Dawa aina moja hutolewa kwa dozi ndogo za miligramu 200 hivi katika siku tofauti. Nyingine inaweza kutolewa hadi miligramu 1,000 kwa mkao mmoja. Nguvu huanza kurudi ndani ya wiki chache.

Dripu ya chuma itolewe hospitalini pekee, mahali penye wahudumu na vifaa vya kushughulikia mzio wa ghafla. Mzio mkali ni nadra lakini unaweza kuua. Mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa angalau nusu saa baada ya dawa kwisha. Haifai kuwekewa nyumbani au nyuma ya duka la dawa, hata kwa bei nafuu. Haitolewi kwa kawaida katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na anayejijua au kujishuku kuwa mjamzito aseme mapema.

Kuongezewa damu ni kwa hali ya dharura, kama mgonjwa anayekosa pumzi akiwa ameketi au anayevuja damu. Chupa moja ya damu ina chuma cha miligramu 200 hadi 250 tu, kwa hivyo hata aliyeongezewa damu huhitaji kuendelea na tiba ya chuma.

Chakula kinasaidia, lakini hakitoshi peke yake

Maini, nyama ya kusaga iliyopikwa laini, samaki na omena vina chuma kinachofyonzwa vizuri. Ndengu, maharagwe, managu na terere vina chuma kisichofyonzwa kwa urahisi, lakini kikiliwa na nyanya mbichi, ndimu au chungwa hufyonzwa zaidi. Biteruti ina rangi ya damu, ila chuma chake ni kidogo. Unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano umelazimika kisheria kuongezwa chuma na virutubishi vingine tangu mwaka wa 2012. Unga wa kusagiwa mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Aliyepasuliwa tumbo hula kiasi kidogo, kwa hivyo aanze na nyama, mayai au ndengu kabla ya ugali. Lakini chakula peke yake hakijazi pengo la miligramu 1,460.

Chanzo kingine kisisahauliwe

Si kila upungufu wa damu baada ya upasuaji husababishwa na upasuaji. Mhudumu ataangalia hedhi nzito, vidonda vya tumbo, bakteria wa tumbo, minyoo na malaria. Aliyeunganishwa utumbo aepuke dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, zinazonunuliwa kwa urahisi mtaani, kwa sababu huleta vidonda kwenye maungio na kuvuja damu polepole bila mtu kujua. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akiwa na upungufu wa chuma, lazima achunguzwe kama anavuja damu ndani.

Mwanamke anashauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba. Akishika, aeleze kliniki ya wajawazito kuhusu upasuaji tangu siku ya kwanza. Vidonge vya kawaida vya kliniki, vyenye chuma cha miligramu 60 na asidi ya foliki, huenda visimtoshe.

Mahali pa kwenda na malipo

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu, kwa mfano Kituo cha Afya cha Riruta. Mhudumu wa afya ya jamii anayezuru nyumba anaweza kumwelekeza mkazi. Kipimo ambacho hakipatikani kituoni, kama feritini au B12, na dripu ya chuma huhitaji barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama vile Mutuini au Mbagathi, na kesi ngumu hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mkazi hujisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Aliyesajiliwa hupata huduma za ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, zikilipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Huduma za hospitali za juu hutegemea michango: asilimia 2.75 ya mapato, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kupangiwa dripu au kipimo cha feritini, mgonjwa aulize ofisi ya SHA hospitalini ni kipi kinalipiwa na ni kipi atalipa mwenyewe.

Vitu vya kubeba ni kitambulisho, ripoti ya hospitali iliyofanya upasuaji, majibu ya zamani ya damu, na dawa zote anazotumia, hata zile za duka na za mitishamba. Aliyepasuliwa nje ya nchi aombe ripoti hiyo kwa barua pepe au simu. Asipoipata, akumbuke angalau aina ya upasuaji na mwaka.

Siri ya mgonjwa hulindwa

Wengine huficha upasuaji huu. Mtaani mtu akipungua ghafla huzuka maneno: ni mgonjwa, amelogwa, ama ana pesa za kuchezea. Kwa hivyo hukaa kimya hata mbele ya daktari. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamlinda: habari za mgonjwa ni siri, na mhudumu hana ruhusa ya kuzitoa bila idhini yake ila pale sheria inaporuhusu. Sentensi moja inatosha: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mwaka fulani." Bila sentensi hiyo, hata daktari mwangalifu anaweza kumwandikia vidonge kwa miezi mingi akingoja damu isiyopanda.

Kurudi kwenye mfano

Himoglobini ya yule mama ilikuwa 8.1. Kituo kilimpa barua ya rufaa iliyoandika juu kabisa aina ya upasuaji na mwaka. Hospitalini feritini ilionekana kuwa 6, na B12 ilikuwa chini. Alimeza vidonge kwa utaratibu kwa wiki nne, himoglobini ikafika 8.4 tu. Hapo daktari alimpangia dripu ya chuma na sindano za B12, akabadilisha dawa ya magoti, na kumtuma kliniki ya wanawake kwa ajili ya hedhi nzito. Baada ya miezi miwili alikuwa na 11.6, na odowa haikumtamanisha tena. Daktari hakumwambia amepona. Alimwandikia tarehe ya kipimo kijacho, na kila mwaka baada ya hapo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na himoglobini ya kawaida na bado akawa na upungufu wa chuma?
2. Mgonjwa anameza chuma saa mbili asubuhi pamoja na chai ya maziwa na kidonge cha kalsiamu. Arekebishe mambo gani mawili?
3. Himoglobini haijapanda baada ya wiki nne za vidonge. Hatua inayofuata ni ipi?
4. Ni sentensi gani moja ambayo aliyepasuliwa asiache kuisema katika kila kituo cha afya?

Majibu: (1) Akiba huisha kwanza kabla himoglobini haijashuka, feritini ndiyo huonyesha akiba. (2) Anywe chai saa moja au mbili mbali na chuma, na kalsiamu saa mbili mbali na chuma. (3) Arudi kwa mhudumu achunguzwe chanzo na kupewa rufaa ya chuma kwa mshipa, badala ya kununua chupa nyingine. (4) Kwamba alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, aina yake na mwaka.

Mkazi aliyefanyiwa upasuaji huu na ambaye hajapimwa damu kwa mwaka mmoja uliopita anahimizwa kufika kituo cha afya kilicho karibu naye, hata kama hahisi ugonjwa wowote.